Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz: Mwimbaji wa Mwambao wa Ziwa katika Historia ya Muziki wa Tanzania, 1940–2006

1.0 Utangulizi

Daniel Owino Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Alifariki tarehe 17 Mei 2006 mjini Kisumu, Kenya, baada ya matatu aliyokuwa akisafiria kupata ajali. Kati ya tarehe hizo mbili aliongoza kwa takribani miaka arobaini bendi iliyokuja kufahamika kwa jina la Shirati Jazz, akarekodi nyimbo kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, na akahesabiwa miongoni mwa waasisi wa mtindo wa benga. Nchini Kenya alipewa sifa ya mfalme wa historia, na kwingineko aliitwa babu wa benga. Hata hivyo, masimulizi yaliyozoeleka ya historia ya muziki wa dansi wa Tanzania, ambayo huanza na Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, yakapitia Morogoro, Tabora na Tanga, kisha yakaishia kwenye bendi za mashirika ya umma, humtaja kwa nadra sana.

Makala haya yanajadili maisha na kazi ya kurekodi ya mwimbaji huyo ili kujibu swali moja: kwa nini mtu aliyeliandika jina la kijiji cha Tanzania juu ya santuri zake kwa miongo kadhaa hakupata nafasi katika kumbukumbu ya muziki ya nchi alikozaliwa? Hoja inayotetewa ni kwamba mwambao wa ziwa ulikuwa eneo moja la muziki, lakini hifadhi za muziki zilijengwa na mataifa mawili yaliyougawana mwambao huo. Kila taifa lilihifadhi kile kilichoingia katika mipaka na lugha yake. Misiani alivuka yote mawili, na kwa sababu hiyo akawa mgeni kwa namna tofauti katika kila upande.

Ni vyema kufafanua mapema neno jazz. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1930 na kuendelea, neno hilo halikumaanisha muziki wa Wamarekani Weusi wa New Orleans au Chicago. Lilitumika kama jina la bendi ya dansi, hususani ile iliyotumia magitaa. Morogoro Jazz, Western Jazz, Victoria Jazz na Shirati Jazz ni majina ya ukoo mmoja kwa maana hiyo, ingawa mapigo yao yalitofautiana. Kwa hiyo Misiani anaitwa hapa mwimbaji wa jazz kwa maana waliyoipa neno hilo wachezaji na wasikilizaji wenyewe.

2.0 Shirati: Mpaka, Misheni na Ziwa

Mkataba wa mwaka 1886 baina ya Waingereza na Wajerumani ulichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, hadi pale ambapo mwambao wa mashariki wa ziwa unakatwa na latitudo ya nyuzi 1 kusini. Mkataba wa mwaka 1890 uliuendeleza mstari huo kuvuka ziwa lenyewe. Shirati ilibaki kilomita chache kusini mwa mstari, upande wa Wajerumani, ambao walijenga kituo chao hapo. Wajaluo walioishi pande zote mbili waliendelea kuoana, kufanya biashara na kuzikana, lakini kiutawala walikuwa sasa watu wa makoloni mawili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirati ikawa sehemu ya Tanganyika chini ya Waingereza, na baadaye ikahesabiwa ndani ya Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mwanza. Leo imo katika Wilaya ya Rorya, Mkoa wa Mara. Kwa utaratibu wa kiserikali, kijana wa Shirati aliyetafuta mji alipaswa kutazama kusini, Musoma na Mwanza. Ramani inasema jambo jingine. Kwa umbali, Kisumu iko karibu zaidi na Shirati kuliko Mwanza. Lugha iliyosikika sokoni Kisumu ilikuwa lugha ya nyumbani, na kutoka hapo reli iliyofika ziwani mwaka 1901 ilielekea Nairobi. Mwanza nayo ilipata reli yake mwaka 1928, lakini reli hiyo ilielekea Tabora na Dar es Salaam. Kwa hiyo bandari mbili za ziwa moja zilifungua njia kwenda kwenye miji mikuu miwili, na kila mji mkuu ulikuwa na utaratibu wake wa kuushughulikia muziki.

Jambo la tatu lililoijenga Shirati ya utoto wa Misiani ni dini. Wamisionari wa Kimenoni kutoka Marekani walifungua misheni hapo mwaka 1934, na mwaka 1942 wimbi la uamsho lililokuwa likienea Afrika Mashariki liliwagusa waumini wa eneo hilo. Uamsho ulisisitiza wokovu wa mtu binafsi na kuachana na pombe, ngoma na starehe za usiku. Katika mazingira ya aina hiyo gitaa halikuwa chombo tu. Lilikuwa ishara ya njia aliyoichagua kijana. Wazazi wa Misiani wote wawili walikuwa waimbaji, lakini walipinga uamuzi wake wa kuufanya muziki kuwa kazi, kwa sababu za imani. Mgongano huo haupaswi kuchukuliwa kama ugomvi wa wapenda muziki na wasioupenda. Nyumba hiyo ilikuwa na uimbaji tayari. Kilichobishaniwa ni mahali ambapo sauti ilistahili kutumika.

3.0 Kutoka Nyatiti hadi Gitaa

Benga haikuzuka kutokana na gitaa peke yake. Msingi wake unapatikana katika nyatiti, kinanda cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji wa nyatiti huketi chini, huchomoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, na wakati huohuo hugonga kinanda kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, huku njuga zikilia. Mtu mmoja hutoa sauti ya juu, sauti ya chini, mapigo na maneno. Nyatiti ilikuwa pia taasisi ya kijamii. Mpigaji aliitwa kwenye misiba na sherehe, akazisimulia nasaba, akawasifu waliostahili na kuwachoma wasiostahili. Wasikilizaji nao waliingia katika wimbo kwa pakruok, yaani desturi ya mtu kujisifu au kumsifu mwenzake mbele ya hadhara, aghalabu kwa kutoa fedha.

Kizazi cha Misiani kiliigawa kazi ya mpigaji huyo mmoja kwa wanabendi kadhaa. Nyuzi za juu zikaenda kwa gitaa la solo, nyuzi za chini zikaenda kwa gitaa la besi, na mgongo wa wimbo ukabebwa na ngoma. Katika rekodi za Shirati Jazz, besi haikai nyuma kama katika bendi nyingi za dansi za wakati huo. Inatembea, inaruka na kusukuma wimbo mbele, kama zilivyofanya nyuzi za nyatiti. Juu yake huimba sauti mbili zinazokwenda sambamba kwa ulaini, na kila zinaponyamaza gitaa la solo hujibu kwa haraka. Mpangilio huo wa kuimba na kujibiwa na gitaa ndio unaomfanya msikilizaji aitambue benga baada ya sekunde chache.

Misiani hakuwa peke yake katika kazi hiyo. George Ramogi, Ochieng' Nelly na Collela Mazee wa Victoria Jazz, pamoja na wengine, walishiriki kuujenga mtindo huo katika miaka ya 1960 na 1970. Upekee wake ni kwamba yeye alitoka kusini mwa mpaka, na hakulificha jambo hilo. Bendi yake ilipitia majina kadhaa kabla ya jina Shirati kudumu. Uamuzi huo una uzito wa kihistoria. Kila santuri iliyouzwa Nairobi, Kisumu au Kericho ilimtambulisha mwanamuziki kwa jina la mahali palipo Tanzania.

4.0 Santuri na Sababu za Kuhamia Kenya

Misiani alihamia Kenya katika miaka ya 1960, na rekodi zake za kwanza ni za katikati ya muongo huo. Uhamaji huu hauwezi kuelezwa kwa ukaribu wa Kisumu pekee. Unahitaji kuelezwa pia kwa tofauti ya mifumo miwili ya kurekodi.

Nchini Tanzania, kurekodi kulikuwa kazi ya redio. Shirika la utangazaji lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1956 lilifanywa idara ya serikali mwaka 1965 na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilisafiri hadi Dar es Salaam, maneno ya nyimbo yakapitiwa, nyimbo zikarekodiwa kwenye kanda, na kanda zikabaki maktaba kwa ajili ya kutangazwa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Serikali iliyounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 iliitazama lugha ya Kiswahili kama nguzo ya umoja, na bendi za dansi ziliimba kwa Kiswahili. Mfumo huo uliwapa wanamuziki wengi ajira katika bendi za vyama vya wafanyakazi, jeshi na polisi. Haukuwa na nafasi ya wazi kwa bendi ya kijijini iliyotunga kwa Kijaluo.

Nchini Kenya, kurekodi kulikuwa biashara. Viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa Nairobi, maduka na watayarishaji walijazana Barabara ya River, na Kericho kulikuwa na studio ya Chandarana, iliyokuwa karibu na wanamuziki wa magharibi mwa nchi. Sauti ya Kenya ilikuwa na matangazo kwa lugha za asili, Kijaluo kikiwamo. Mfanyabiashara aliyeona wateja katika mashamba ya chai, viwanda vya sukari na vitongoji vya Nairobi, ambako Wajaluo wengi walifanya kazi, hakuhitaji wimbo uwe wa kitaifa. Alihitaji uuzwe.

Chombo cha biashara hiyo kilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika chache tu, ilhali wimbo wa benga ulihitaji muda wa kusimulia na muda wa kucheza. Suluhisho lililoenea ni kuugawa wimbo mmoja katika pande mbili. Upande wa kwanza ulimpa mwimbaji nafasi ya kueleza kisa, sauti ikafifia, na upande wa pili ukaendelea pale ulipokatiwa, magitaa yakitawala. Hivyo kifaa chenyewe kilichangia umbo la mtindo. Aidha, kutaja majina ya wafadhili, marafiki na vijiji ndani ya wimbo kuliiingiza pakruok katika soko. Mtu aliyetajwa alikuwa na sababu ya kununua santuri, na jamaa zake pia.

Soko hilo lilikuwa na upande wake mchungu. Wanamuziki wengi waliuza nyimbo zao kwa malipo ya mara moja, na faida ya mauzo ikabaki kwa watayarishaji. Wakati huohuo, watayarishaji ndio walioufikisha muziki huo mbali kuliko redio yoyote. Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia bungeni nchini Kenya, aliisambaza benga hadi Zimbabwe, ambako wasikilizaji waliuita muziki huo kwa jina lake, na ambako jina la lebo yake, Sungura, likageuka kuwa jina la mtindo mzima wa muziki wa nchi hiyo. Sauti iliyotokana na nyuzi za nyatiti ilipata ukoo mpya kusini mwa Mto Zambezi, huku Mwanza na Dar es Salaam ikihesabiwa kuwa muziki wa Kenya.

5.0 Mwimbaji na Dola

Wasikilizaji wakuu wa Misiani walikuwa watu waliokuwa na uhusiano mgumu na serikali ya Kenya. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Miezi michache baadaye, ziara ya Rais Jomo Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa risasi na vifo, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga kikapigwa marufuku, na Odinga mwenyewe akawekwa kizuizini. Katika hali hiyo, wimbo uliotungwa kwa Kijaluo ulisikilizwa kwa masikio mawili, ya raha na ya siasa.

Misiani aliimba kuhusu mapenzi, ndoa, dini na mambo ya kale, lakini pia kuhusu watawala. Silaha yake ilikuwa fumbo. Alitumia wanyama na visa vya zamani kusema mambo ya sasa, kama wafanyavyo manju wa Afrika Mashariki tangu zamani. Wimbo wake Bim en Bim, ambao jina lake lina maana ya nyani ni nyani, ulipokewa Kenya kama maelezo ya kisiasa ingawa kwa juu unazungumza juu ya mnyama. Fumbo humpa mwimbaji kinga, kwa kuwa mwenye kukasirika hulazimika kwanza kukiri kwamba amejitambua. Kinga hiyo haikutosha daima. Misiani alikamatwa na kufungwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, na alitishiwa kurudishwa Tanzania.

Tishio hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Mwimbaji Mkenya aliyeikera serikali aliweza kufungwa. Misiani aliweza kufungwa na vilevile kuambiwa kwamba hapo si kwake. Jina Shirati, lililokuwa fahari kwenye santuri, liligeuka kuwa ushahidi dhidi yake. Hapa ndipo sifa ya mfalme wa historia inapopata maana kamili. Alikuwa akiwasimulia watu wa nchi nyingine historia yao, kwa lugha ambayo walikuwa wakiimiliki pamoja naye, huku cheti cha kuzaliwa kikimweka nje ya mlango.

6.0 Mpaka Uliofungwa, 1977–1983

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 1983, baada ya makubaliano ya kugawana mali za Jumuiya. Meli za ziwani nazo ziligawanywa. MV Victoria, iliyokuwa ikizunguka bandari za nchi tatu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilibaki Tanzania, na safari zake zikahusu zaidi Mwanza na Bukoba.

Kwa mwambao wa ziwa, hatua hiyo iligusa nyumba za watu. Mpaka ambao kwa vizazi ulivukwa kwa miguu na kwa mitumbwi ulipewa ulinzi na uzito wa uhasama baina ya mataifa. Kufungwa huko kulitokea wakati ambapo benga ilikuwa katika miaka yake ya nguvu kibiashara. Mwanamuziki wa Shirati aliyekuwa Kenya alijikuta upande mmoja, na kijiji alichokitangaza kikawa upande mwingine. Vilevile, katika miaka hiyo wasomi na watangazaji wa Tanzania walizidi kuuandika muziki wa dansi kama hazina ya taifa, na hazina hiyo ilipimwa kwa kanda zilizokuwapo Radio Tanzania. Muziki uliochapwa Nairobi haukuwa ndani ya kipimo hicho.

Mpaka ulipofunguliwa, santuri ilikuwa imeanza kushindwa na kaseti, ambayo ilinakiliwa kwa urahisi bila kumlipa mtunzi. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi za Misiani zilianza kutolewa Uingereza. World Circuit ilitoa Benga Beat mwaka 1987, na mwaka 1989 zikafuata Piny Ose Mer ya GlobeStyle na Benga Blast! ya Earthworks. Baada ya kifo chake, mwaka 2010, kampuni ya Sterns ilitoa mkusanyo wa nyimbo zake za miaka ya 1970, ukitambulishwa kama benga kutoka Kenya. Kwa mtazamo wa mahali zilikorekodiwa, utambulisho huo ni sahihi. Kwa mtazamo wa historia ya mwambao, ni nusu ya habari.

7.0 Misiani na Mbaraka: Ulinganisho

Inawezekana kudai kwamba Misiani alisahauliwa na Tanzania kwa sababu tu alirekodi na kufia Kenya. Dai hilo linapingwa na mfano wa Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka, aliyezaliwa mwaka 1944, alipata umaarufu akiwa na Morogoro Jazz, kisha akaunda Super Volcano mwaka 1973. Naye alirekodi santuri Kenya, na naye alifariki Kenya kwa ajali ya gari, mwezi Januari 1979, huko Mombasa. Pamoja na hayo, hakuna anayebisha kwamba Mbaraka ni mwanamuziki wa Tanzania.

Tofauti yao haikuwa mahali pa kurekodi wala mahali pa kufia. Mbaraka aliimba kwa Kiswahili, alirekodiwa pia na Radio Tanzania, na bendi yake ilikuwa na makao katika mji uliokuwa ndani ya ramani ya dansi. Misiani, licha ya nyimbo zake za Kiswahili, alijulikana hasa kwa Kijaluo, na alitoka pembe ya nchi ambayo muziki wake ulitazama kaskazini. Hivyo vigezo viwili, yaani lugha na hifadhi ya redio, vilitenda kazi ya kuamua nani ni wa taifa bila mtu yeyote kutangaza uamuzi huo. Hata utafiti wa kina uliopo unafuata njia hiyo. Sura ya Adams Oloo kuhusu Misiani, katika kitabu cha nyimbo na siasa kilichohaririwa na Kimani Njogu na Hervé Maupeu na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2007, inamchunguza ndani ya siasa za Kenya, jambo linaloeleweka kutokana na nyimbo zenyewe. Upande wa Tanzania wa maisha hayo bado haujapata sura yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kazi ya Misiani ilitokana na mambo matatu yaliyokutana Shirati: muziki wa nyatiti, mpaka wa kikoloni, na njia za ziwa zilizoelekea Kisumu na Nairobi. Kenya ilimpa studio, kiwanda na soko. Ilimpa pia gereza. Tanzania ilimpa jina la bendi, lakini haikuwa na utaratibu wa kuupokea muziki aliourudisha kwa jina hilo. Kumwita Mtanzania au Mkenya hakutoshi kumweleza, kwa sababu maswali yote mawili yanaanza na mstari ambao muziki wake haukuutambua.

Matokeo ya hoja hii kwa utafiti ni ya vitendo. Santuri ndogo zinazobaki katika nyumba za Rorya, Musoma na Mwanza zinachakaa, na waliozinunua zikiwa mpya ni wazee. Kanda ya Ziwa ina mfano wa jinsi ya kuhifadhi kumbukumbu za eneo bila kusubiri mji mkuu. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yamehifadhi ngoma, vifaa na nyimbo za Wasukuma kwa miongo mingi. Vyuo vikuu vilivyopo Mwanza vinaweza kufanya kazi kama hiyo kwa santuri za mwambao mzima, bila kubagua lugha ya wimbo wala mji uliochapwa kwenye lebo, na kwa kushirikiana na hifadhi za Kisumu na Nairobi. Pasipo kazi hiyo, mtafiti wa miaka ijayo atakayefungua kumbukumbu za muziki wa Tanzania atakuta Morogoro, Tabora na Tanga, na atadhani kwamba Shirati ilikaa kimya.